Meno ya Chuma ya Kibogoyo

Mpwa wangu Mwanvita haliamini tawi mpaka alikanyage mara mbili. Mara ya kwanza kwa vidole vya mguu tu, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Mara ya pili kwa unyayo mzima. Ndipo analeta mwili. Mkarafuu ni mti mnafiki. Mwembe ukitaka kukuangusha hulia kwanza, ukapata nafasi ya kusema bismillahi. Mkarafuu hausemi. Hukatika kimya kimya ukakushusha pamoja na kikapu chako, na watu wa bondeni husikia kishindo tu. Hapa Kinole kila ukoo una mtu wake anayechechemea kwa ajili ya karafuu. Mwanvita amepanda tangu ana miaka tisa, sasa ana ishirini na saba, na mti haujamwangusha hata mara moja.

Nani alimfundisha? Sitaki kujisifu, lakini walio hai wanajua. Mimi Halidi, kaka wa mama yake, ndiye niliyempandisha mkarafuu wa kwanza, ule ulio nyuma ya choo cha dada yangu Asia. Asia hudai kwamba siku ile nilikuwa nimekaa chini nakula fenesi na mtoto akapanda mwenyewe. Sawa. Mwalimu naye hufundisha amekaa kwenye kiti.

Maisha yake mengine nitayasema haraka, maana mwenyewe hapendi yasemwe. Alifaulu darasa la saba, akaingia sekondari ya kata, akatoka kidato cha pili mama yake alipougua mgongo. Mimi niliishia la tano, lakini la tano la zamani, si hili la sasa. Alipofika miaka ishirini aliolewa Kisaki na kijana mmoja muuza nafaka karibu na stesheni. Kisaki ni tambarare. Ukisimama juu ya kiti umeiona yote. Alikaa huko miaka mitatu. Walimwita "yule wa milimani". Akipika, yule wa milimani. Akiugua, yule wa milimani. Jina lake hakuna aliyelitia kinywani. Siku moja akarudi na begi moja. Mama yake hakumuuliza kitu. Mimi nilimuuliza kila kitu na sikujibiwa hata kimoja. Kesho yake alfajiri nikasikia majani yanachakacha nyuma ya choo. Yuko juu ya mkarafuu.

Kwa wasiokuwa wa huku, niwaeleze. Kwetu Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Mwenye shamba ni dada yangu Asia, na baada yake Mwanvita. Mimi mjomba ni msemaji tu wa lukolo, yaani ukoo. Ni kama kufuli. Nyumba si yangu, lakini huingii bila kunigusa.

Mwisho wa shamba hilo, pale migomba inapokoma na msitu kuanza, lipo jiwe limesimama wima katikati ya miti, refu kama minazi miwili iliyobebana. Uso wake ni laini kama ufizi. Wazee husimulia kwamba bibi wa kwanza wa ukoo wetu, alipopanda kutoka bondeni na mbegu zake kichwani, alitua mzigo mbele ya jiwe hilo, akalitazama, akasema huyu ni kibogoyo, hawezi kutula. Basi. Kwa neno hilo akawa ameichukua nchi kuanzia hapo mpaka kijitoni. Waliokuja nyuma yake wakakuta mahali pameshapewa jina, wakasogea mbele. Hatuna hati, hatuna ramani. Tuna jina.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, akaja mtu anaitwa Bonifasi. Ni fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini Morogoro, mwembamba, mpole kupita kiasi. Upole mwingi mimi huushuku. Alikuja na pikipiki, na barua yenye mhuri, na shikamoo tatu kwa mtu mmoja. Alisema ana mchezo wa kupanda miamba, anaomba kutia vyuma kwenye Kibogoyo ili kamba ipate pa kupita. Asia akamkubalia kabla sijamaliza kuusoma mhuri.

Alizunguka msituni akafika juu kwa nyuma, akajishusha kwa kamba, na mashine yake ikatoboa siku tatu mpaka nyani wakahama. Alipomaliza, vyuma kumi na kimoja vilikuwa vimepangana kutoka chini hadi juu, na kule juu kabisa mnyororo. Kibogoyo ametiwa meno. Mimi nikauliza huyu bwana ni mtu wa wapi. Wakaniambia Mahenge. Sasa Mahenge ndiko wanakochimba vito. Mtu wa Mahenge akitoboa jiwe anatafuta nini, maembe? Nikaenda nikazoa lile vumbi lililoanguka chini, nikalichekecha kwa chekecheke la dada yangu. Hamna kinachong'aa hata punje. Hapo ndipo nikashuku zaidi, kwa sababu mtu aliyekwisha kuchukua kinachong'aa huacha vumbi tupu.

Kulikuwa pia na unga mweupe. Alikuwa nao kwenye kifuko kinachoning'inia nyuma ya kiuno, akipanda anatumbukiza vidole. Alisema ni wa kukausha jasho. Siku moja kifuko kimeachwa juu ya jiwe nikaonja. Ulimi wangu ulikauka mpaka magharibi. Kuhusu hilo alisema kweli, lakini mwongo hodari huanza na ukweli mdogo.

Mwanvita alikwenda kumtazama siku moja akitoka kuchuma, akamkuta ameanguka, ananing'inia kwenye kamba kama popo, akacheka. Bonifasi akamwambia kama anacheka basi aje ajaribu. Akapanda pekupeku mpaka chuma cha nne. Siku ile alirudi nyumbani viganja vyeupe, na nilipomuuliza kama ameajiriwa kwenye kinu cha mahindi alitabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu Kisaki. Ningefurahi, lakini nilikuwa na kazi ya kushuku.

Kuanzia hapo ikawa kila Jumatano na kila Jumapili. Nilijificha kwenye mianzi mara nyingi, kwa hiyo utaratibu wao ninaujua kuliko wanavyodhani. Mpandaji anavaa mkanda wa kiuno na mapaja, anajifunga kamba mbele ya tumbo. Mwenzake anabaki chini. Kamba inapita kwenye kidude kinachoibana, kilichofungwa mkandani kwake. Mpandaji akifika kwenye chuma anapachika kulabu, anavuta kamba, anaiingiza kwenye kulabu, anaendelea. Akianguka, anaanguka mpaka chini ya chuma alichokiacha, na yule wa chini anamzuia. Viatu vyao vinabana hadi vidole vinakunjwa kama tangawizi.

Wote wawili walikuwa wakianguka mahali pamoja. Baada ya chuma cha nane, Kibogoyo ni kibogoyo kweli. Kuna mikunjo miwili tu, myembamba kama ukingo wa sahani, na mguu hauna pa kukaa, unaugandamiza tu kwenye jiwe ukimwomba Mungu. Wiki sita walianguka hapo. Kumbe mtu anaweza kuanguka wiki sita mahali pamoja na bado akaondoka nyumbani anaimba.

Sasa daftari. Bonifasi alikuwa akila mchana kwa Asia na begi lake huliacha kwenye msumari barazani. Sikulipekua. Lilikuwa na vumbi, nikalikung'uta, daftari likaanguka, likafunguka lenyewe. Nikasoma, kwa la tano langu la zamani, ukurasa wenye mchoro wa jiwe letu na vyuma vyake. Chini yake pameandikwa: "Jina: litatolewa na atakayefika juu wa kwanza."

Vito vingekwisha, mtu angeondoka. Lakini jina! Bibi yetu alichukua nchi kwa jina moja, na huyu bwana wa shikamoo tatu amekuja kuichukua kwa jina jingine, tena kwa maandishi. Nikaingia ndani na daftari mkononi, wote watatu wako kwenye mkeka, nikamuuliza maana yake.

Bonifasi aliosha mkono kwanza. Akaeleza kwamba ndiyo desturi ya wapanda miamba dunia nzima: njia ikitiwa vyuma, mtu wa kwanza kuipanda bila kuanguka na bila kujipumzisha kwenye kamba ndiye anayeipa jina, na jina hilo wenzake wote hulifuata. Jiwe lenyewe linabaki na jina lake. Njia tu ndiyo inayopewa.

"Na ukishaipa jina wewe," nikamwambia, "mjukuu wako akija kudai, sisi tutaonyesha nini?"

"Mzee, hakuna atakayedai. Ni mchezo."

"Bibi yetu naye alikuwa akicheza?"

Asia aliniambia niache kumtisha mgeni, ugali unapoa. Nikasema sitishi, natangaza. Kama jina litatoka kwa mtu wa ukoo, vyuma vitabaki. Likitoka kwa mtu mwingine, Jumatatu nitapanda juu na spana, nitang'oa meno yote mpaka la mwisho, na Kibogoyo atarudi kula uji. Kauli ya mjomba juu ya ardhi si ya mzaha, Asia anajua. Akaacha kutafuna.

Mwanvita alikuwa akijitazama vidole, ngozi imetoka kwenye ncha zote nne za kila mkono.

"Kwa hiyo akifika yeye kwanza," akasema, "mimi sitapanda tena."

"Fika wewe."

"Ningefika hata kama hukusema, Mjomba. Sasa umenitia haraka."

Wakapatana hapohapo, Jumapili inayofuata. Watapanda kwa zamu, Mwanvita aanze. Atakayeanguka anampisha mwenzake. Mimi nitakuwa shahidi. Bonifasi alikubali upesi mno, na usiku huo nilikaa nikijiuliza kwa nini.

Jibu nililipata Jumapili yenyewe, nikiwa nimeshafika chini ya jiwe, ukungu umeondoka, uso wa Kibogoyo umekauka. Mwanvita anajifunga kamba. Upande wa pili wa kamba kuna nani? Bonifasi. Yaani mtu anayegombea jina na mpwa wangu ndiye anayeshika uhai wa mpwa wangu. Akiilegeza kidogo tu pale juu, mtoto anaanguka, zamu inakwenda kwake, na hakuna mahakama itakayojua. Nikasema hapana, kamba nitashika mimi.

Mwanvita alicheka mpaka akainama. Aliniambia kwamba mimi simu ikilia nitaiachia kamba niseme haloo. Nikamwambia simu nimeiacha nyumbani. Akasema basi nitaachia kamba nikaifuate. Kisha akaacha kucheka, akanitazama vizuri.

"Huyu ameshanidaka mara mia, Mjomba. Wewe hujanidaka hata moja."

Neno hilo lilinichoma, sina haja ya kuficha. Mkarafuu wa kwanza nilikuwepo. Lakini nikasogea nikasimama ubavuni kwa Bonifasi, karibu hata nikajua sabuni anayoogea. Aliniomba nirudi nyuma kidogo apate nafasi. Nikamwambia hapa ndipo miguu yangu ilipochagua.

Akaanza. Wale wanaosema mwanamke hapandi, wangekuwepo. Chuma cha kwanza mpaka cha tano alipita kama anapanda ngazi ya msikitini, taratibu, haharakishi, kila mguu anauweka, anauinua, anauweka tena. Kwenye cha sita alipumua. Kwenye cha saba alijipaka unga mkono mmoja, kisha mwingine. Bonifasi amesimama, shingo imepinda nyuma, mikono miwili kwenye kamba, anatoa kidogo, anarudisha kidogo. Mimi nilikuwa siutazami mwamba. Nilikuwa naitazama mikono yake.

Akapachika kulabu kwenye chuma cha nane. Akavuka. Nikaona kwa pembe ya jicho mwili wake umejinyoosha kwenye ile mikunjo miwili, mguu wa kulia umegandamizwa kwenye jiwe tupu, hauna kitu chini yake. Hapo ndipo walipokuwa wakianguka wiki sita. Hakuanguka. Mkono wa kushoto ukashika ukingo mdogo karibu na chuma cha tisa. Msitu mzima ulikuwa umetulia, hata ndege walikuwa wananisaidia kutazama.

Ndipo Bonifasi alipofanya nililokuwa nikilingoja. Alipiga hatua moja mbele na kuitoa kamba, siyo kidogo, bali mkono mzima, kwa haraka, halafu mkono mwingine. Kamba ikalegea. Ikaning'inia usoni mwa jiwe kama kanga kwenye waya. Nikajisemea moyoni, Halidi, ulijua. Huyu anamwua mtoto mbele ya macho yako. Nikairukia ile kamba kwa mikono miwili, nikaishika kwa nguvu zote alizonipa Mungu.

Juu nikasikia sauti yake, haikuwa na woga, ilikuwa na hasira:

"Mjomba, achia kamba!"

Sikuachia. Nikaona mkono wake wa kulia unavuta kamba kuipeleka kwenye kulabu, na kamba haiji. Akavuta tena. Mara akawa hayupo kwenye jiwe. Alikuwa hewani. Kamba ikakaza, ikapita kwenye viganja vyangu kama msumeno wa moto, Bonifasi akanyanyuliwa kutoka ardhini karibu futi mbili, na Mwanvita akasimama ghafla mbali chini ya chuma cha nane, akizunguka polepole. Damu ilikuwa ikimtoka kwenye ugoko.

Alishushwa mpaka chini. Bonifasi ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, bila kunitukana, jambo ambalo lingekuwa afadhali. Kwamba mtu akitaka kuingiza kamba kwenye kulabu iliyo juu ya kichwa chake anahitaji kamba ya kuvuta, urefu wa mkono na zaidi. Yule wa chini lazima aitoe kwa haraka, kwa sababu wa juu amebaki na mkono mmoja. Alikuwa akimpa. Mimi nilimnyima. Nilikuwa nimekaa kwenye mianzi wiki zote zile nikitazama nani anaiba nini, hata hilo sikuliona.

Kisha Bonifasi akasema anguko lile halihesabiwi, kwa kuwa amevutwa. Apumzike, apande tena yeye. Hata hapo nilishuku. Mtu anayetaka kitu hawezi kukirudisha bure, nyuma yake pana kitu. Lakini Mwanvita alikuwa ameshaanza kufungua fundo la tumbo lake.

"Nimeanguka," akasema. "Panda."

"Si haki, dada."

"Tulisema anayeanguka anampisha mwenzake. Hatukusema kwa sababu gani. Sitaki uniambie baadaye kwamba ulinipa."

Ikawa hivyo. Bonifasi akajifunga kamba, Mwanvita akaishika. Na mimi, mwenye mikono inayowaka, nikamsogelea mpwa wangu sikioni. Nitasema ukweli, kwa kuwa hadithi hii ni yake si yangu: nilimnong'oneza kwamba Bonifasi akifika pale kwenye chuma cha tisa, na yeye aikaze kidogo. Kidogo tu. Nani atajua? Mzee amekwisha kufanya mwanzo, watasema ni mzee tena.

Hakugeuka. Alinionyesha kwa kidevu gogo lililoanguka upande wa pili, hatua kama ishirini, akaniambia nikakae pale, na nikiinuka anamshusha Bonifasi na anakwenda zake Kisaki. Nikaenda nikakaa.

Bonifasi alipanda vizuri. Siwezi kumnyima hilo. Alipofika kwenye ile mikunjo nilikuwa nasoma dua mbili zinazopingana. Akashika ukingo, akavuta kamba. Na Mwanvita, mtoto wa dada yangu, mrithi wa nchi ya bibi, alimtolea kamba kwa mkono mkunjufu, akapiga hatua mbele ili isimkwaze. Kulabu ikalia, ta! Bonifasi amepita chuma cha tisa, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupita kwa mikono na miguu yake tangu dunia iumbwe. Nikaziona spana zangu zote zimelala nyumbani zikiningoja.

Vilibaki viwili tu na mnyororo. Akanyoosha mkono wa kulia kwenye ufa uliokuwa juu yake, akaushika, akajivuta, na mkono ukachomoka. Mwanvita alimdaka kama mama anavyodaka kikombe. Alipofika chini alikuwa amekunja uso, anafuta vidole kwenye suruali.

Sasa zamu imerudi. Walikaa kwenye majani kupumzika. Asia akapanda kutoka nyumbani na mihogo ya kuchemsha na chai ya mdalasini, akasimuliwa yote, mimi nikiwa palepale. Hakunisema. Alichana kipande cha kanga yake kuukuu, akanifunga kiganja cha kulia, akachana kingine, akanifunga cha kushoto, akazidisha kufunga mpaka vidole vyote vikazama ndani. Nikamwambia sasa siwezi hata kushika kikombe. Akasema ndiyo maana yake.

Kabla ya kupanda, Bonifasi alimwambia Mwanvita jambo. Ule ufa wa kulia baada ya chuma cha tisa, una unyevu ndani, maji ya msitu yanachuruzika humo, asiushike. Upande wa kushoto kuna tundu dogo la vidole viwili, ukiwa chini hulioni.

Hapo sikuweza kukaa na ulimi wangu. Nikasimama kwenye gogo nikamwita mpwa wangu, nikamuuliza kwa sauti ambayo hata Bonifasi aisikie: mtu anayeshindana nawe, amefika mahali hujafika, anarudi kukuambia pita kushoto. Kwa nini? Mimi ningekuwa yeye ningekwambia kushoto wakati njia iko kulia. Na huo unyevu tumeuona sisi? Bonifasi akainua mkono wake wa kulia, akanionyesha vidole. Nikamwambia jasho nalo ni maji.

Mwanvita alitutazama wote wawili. Nilimwona anapima. Akamwendea Bonifasi, akamshika mkono, akaunusa. Yaani akaunusa, kama ninavyofanya mimi. Harufu ya jasho na harufu ya maji ya mizizi hazifanani, hilo kila mchuma karafuu anajua. Akaurudisha mkono, akajifunga kamba.

Mara hii sikutazama mikono ya mtu. Nilitazama jiwe. Aliposhika ile mikunjo miwili ugoko wake ulianza kutoka damu upya, ikaacha alama ndogo kwenye uso wa Kibogoyo. Mkono ukafika kwenye ukingo. Bonifasi akatoa kamba, ikalegea, ikaning'inia, na mimi nikauma kitambaa cha kanga. Kulabu ikalia. Halafu akabaki pale kwa muda mrefu sana. Akapeleka mkono wa kulia kwenye ufa, akaugusa kwa ncha za vidole tu, akaurudisha. Akapeleka wa kushoto juu, akapapasa, akagusa tundu mara ya kwanza, akagusa mara ya pili. Ndipo akaleta mwili.

Chuma cha kumi. Cha kumi na moja. Kisha ukasikika mnyororo.

Alikaa kule juu ameshika mnyororo, uso umeelekea bondeni, hata Asia akaanza kuuliza kama kuna tatizo. Bonifasi akasema mwache. Alimshusha polepole, na miguu yake ilipogusa chini macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni unga umeingia.

Bonifasi akafungua daftari. Nikasogea, maana kalamu ya mtu wa Mahenge siiachi peke yake. Nilikuwa nimeandaa majina tangu Jumatano: la bibi wa kwanza, la ukoo, na moja refu lenye yote mawili ambalo lingetosha hata kusomwa mbele ya baraza la ardhi. Nikayataja yote matatu, na sababu zake. Mwanvita alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Andika," akamwambia Bonifasi. "Mjomba Achia Kamba."

Nilidhani ni utani. Bonifasi naye alidhani hivyo, akanitazama. Nikasema jina la nchi haliwekwi kwa kejeli, mimi ndiye msemaji wa ukoo na ninalikataa. Mwanvita akaniuliza nani aliyesema anayetoa jina ndiye mwenye nchi. Nikasema ni mimi. Akaniuliza nani amefika juu. Asia alikuwa amekaa chini kwenye majani, ameziba uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Nikamsimamia Bonifasi aandike herufi moja moja, nikayasoma maneno yote matatu kwa sauti kuhakikisha hajazidisha la kwake. Hakuzidisha. Siku hizi wanakuja watu kutoka Dar na Moshi, wanalitaja jina hilo barazani kwa dada yangu hata kabla ya kusalimia, na Mwanvita huwapeleka, akiwa hayuko juu ya mikarafuu. Wanamwita Mwanvita. Wakiniuliza mimi ni nani, nasema ni jirani.

Lakini siku ile, yalipokwisha kuandikwa, alifungua fundo tumboni mwake, akaja mbele yangu na ncha ya kamba, akaniwekea begani. Akasema ikunjwe vizuri, isiguse tope. Nikamwonyesha mikono yangu, mafurushi mawili ya kanga. Alishaona. Walikuwa wanaanza kushuka wote watatu, Asia mbele na birika, wanazungumza juu ya mlo wa jioni. Nikaikunja kwa viwiko, mita sitini, na katikati nikakosea ikabidi nianze upya.